Si maringo, ni kinywa

Mombasa, Mji wa Kale

Shoga yangu Rukia,

Assalamu alaykum. Huku wazima sote, alhamdulillah. Mzigo wako umefika salama, na mama aliyeuleta alikaa kwangu kutwa nzima akinywa chai na kunipa habari za Maskati ambazo wewe hukuwahi kuniambia. Hizo nitakuuliza siku yake.

Lakini ilikuwamo na moja inayonihusu mimi. Kwamba hadi huko Omani mmeshasikia kuwa kwenye harusi ya hapa mtaani nililetewa sinia la biriani nikajivuta nyuma, nikala ndizi na maji, nikaondoka. Na kwamba tangu nitoke India najidai, siwezi tena kula sinia moja na watu. Yule mama akaongeza kuwa na wewe ulikuwapo likisemwa, ukanyamaza. Sikulaumu, ungesema nini nawe hujui? Basi leo nakupa la kusema.

Lukemia yenyewe, ile saratani ya damu, imeondoka. Nikipimwa damu haionekani, na namshukuru Mungu kila asubuhi. Ila unakumbuka kuwa mwaka 2021 kule Chennai nilipandikizwa seli shina za kaka yangu, zile zinazotengeneza damu. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana nawe sawasawa, na katika sisi sote aliyelingana ni yule yule tuliyekuwa tukimwita mvivu. Hata kundi la damu nimechukua lake: nilizaliwa A, sasa ni O. Akitaka kunikera huniambia ana haki ya kunituma dukani kwa sababu damu ni yake.

Seli hizo ndizo askari wa mwili wangu sasa. Ni kama bawabu mgeni asiyewajua wenye nyumba: mwizi anamfukuza vizuri sana, na mwenye nyumba akirudi kutoka sokoni naye anapigwa rungu. Madaktari wanauita ugonjwa huo kwa herufi tu, GVHD. Wengine huwapata kwenye ngozi, wengine ini au mapafu. Mimi umenikalia kinywani, na kidogo machoni.

Ulianza nilipokuwa nimesharudi nyumbani, watu wameshakula pilau ya shukrani. Kwanza dawa ya mswaki ikaanza kuniunguza. Nikadhani ni ya bandia, nikabadilisha, mambo yale yale. Daktari wa meno niliyemwendea akaona weupe akasema fangasi, akanipa dawa ya matone, nikaimaliza bila nafuu. Ndipo daktari wa Chennai akaomba picha. Mume wangu akawa mpiga picha: mimi nimevuta shavu kwa mpini wa kijiko, yeye simu mkono huu na kurunzi mkono huu, ananiambia fungua tena, fungua tena, na mimi kinywa kimekauka hata mate ya kumeza sina. Picha ilitoka. Ndani ya shavu kumejaa mistari myembamba myeupe iliyokingamana juu ya nyama nyekundu, na pembeni mwa ulimi kidonda chenye utando wa manjano. Nikaambiwa nikatwe kipande kidogo cha nyama kipimwe hapa hapa Mombasa, na majibu yakawa GVHD hiyo hiyo.

Sasa nikuambie kula kulivyo, maana hapa ndipo watu hawanielewi. Pilipili mtu anaielewa, akisikia siitaki anasema haya, tutakupikia bila pilipili. Hajui kuwa nyanya inauma. Ndimu, ukwaju, nanasi, soda, achari, vyote moto. Biriani ile hata uitoe pilipili yote, rojo lake ni nyanya na maziwa ya mgando. Kisha kuna vya kuparuza: mkate mkavu, kachri, ukoko wa wali niliokuwa nikigombania na wewe. Mihogo ya kukaanga pale Lighthouse siku hizi nawatazama tu wenzangu wakila, mimi nina dafu langu. Na hata nikipata chakula laini, katikati ya tonge linaweza kuvimba lengelenge juu kwenye kaakaa, dogo, limejaa maji. Halina madhara, ni vijitezi vya mate vilivyozibika, linapasuka lenyewe. Lakini mbele ya watu uso wangu unabadilika, na mwenye kupika anadhani amenilisha kitu. Afadhali ndizi.

Ninachokula kwa raha ni bokoboko. Mama mkwe wangu, ambaye unajua hatukuwahi kupatana, ndiye anayenipigia, ngano na nyama mpaka mwiko unasimama, samli juu, bila bizari ya kuwasha. Hatujazungumza lolote la maana hadi leo. Bokoboko linakuja tu, kila Ijumaa.

Ukavu ndio ulionishangaza zaidi ya maumivu. Mate, shoga yangu, hatuyajui mpaka yaondoke. Ndiyo yanayolinda meno. Yangu yameanza kutoboka pale chini, karibu na ufizi, mahali ambapo kwa kawaida meno hayaozi kirahisi. Kwa hivyo nasafisha kwa dawa ya mswaki ya watoto, ile ya stroberi, kwa kuwa haina minti, na muuza duka ananiuliza wajukuu wangapi. Ya watoto mara nyingi ina floraidi kidogo, kwa hiyo usiku napaka jeli maalumu yenye floraidi nyingi. Chupa ya maji natembea nayo hadi msibani.

Dawa kubwa ni ya kusukutua, deksamethasoni ya maji, ya kuwatuliza wale askari. Unaijaza kinywani, unaizungusha dakika tano nzima, unatema, humezi, kisha nusu saa huli wala hunywi. Hivyo mara kadhaa kwa siku. Dakika tano ni nyingi wakati simu inalia na muuza samaki anagonga mlango. Mjukuu wangu amejifunza kufungua na kutangaza, "Bibi ana dawa mdomoni!" Dawa hii nayo hualika fangasi, kwa hiyo yule daktari wa meno wa kwanza, baada ya muda, alikuja kuwa sahihi. Kuna vidonge vipya, ruxolitinib, ambavyo Marekani waliviidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka ule ule wa 2021. Daktari amenitajia, na bei nikaiuliza. Tukaendelea na maongezi mengine.

Ramadhani ndiyo ilinitoa machozi, si kwa njaa. Siwezi kufunga, kinywa hakikai saa tatu bila maji, na dawa zina saa zake. Nalisha maskini kila siku, natoa fidia, sheikh amenielekeza vizuri. Lakini kunywa maji mchana kwenye nyumba yenye watu waliofunga, wallahi, najificha jikoni kama mtoto aliyeiba sukari. Udhu nao ulikuwa mtihani, maji yetu ya kisima unayajua chumvi yake. Sheikh akanikumbusha kuwa kusukutua kwenye udhu ni sunna kwetu Washafii, na nikiumia niache. Natumia maji ya chupa ya uvuguvugu, kidogo, na nafsi inatulia.

Kila miezi sita nafunguliwa kinywa kutazamwa, kwa sababu saratani ya mdomo huja mara nyingi zaidi kwa watu wa hali yangu, hata miaka baadaye. Kidonda kikipita wiki mbili hakijafunga, napiga simu, singoji miadi. Kimoja kilikatwa kikapimwa, kikatoka safi. Sitaki hilo ulitangaze. Mama yangu hajui.

Haya, mzigo wako. Halua nimeila, na usimwambie daktari wa meno, maana sukari kwenye kinywa kikavu ni balaa. Nilikula, nikapiga mswaki, nikala tena. Ndimu kavu nimempa jirani, mchuzi wake ulinukia hadi kwangu. Ule mswaki wa mti nao nimempa kaka yangu, mimi ukali wake siuwezi. Na yule rafiki yako aliyenitumia ujumbe kuwa asali na ndimu imemponya shangazi yake kila kitu, mwambie ahsante, na mwambie ajaribu yeye mwenyewe akiwa na kidonda ulimini.

Ukija mwezi wa kumi na mbili usinipikie chochote cha pekee wala usinitazame nikila. Niletee dawa ya mswaki isiyo na minti wala ile sabuni inayotoa povu, hapa naipata kwa kubahatisha. Lete mirija mitatu minne, nitakulipa. Na ujiandae kunieleza habari ya kiwanja cha Barka huko Omani, maana aliyeleta mzigo amesema umeshalipa nusu na mimi ndiyo kwanza nasikia.

Nisalimie watoto na mzee.

Wako,
Mwanakombo