Mwambie mzee nimeiona kubwa kuliko 59

Kwako Baba Neema,

Habari za siku nyingi bana. Najua umeninunia kwa vile nimekaa kimya tangu Krismasi lakini wacha kwanza nikuambie nilikuwa wapi Jumamosi iliyopita alafu utanisamehe mwenyewe. Nilienda Duluth. Iko kaskazini ya hapa Minneapolis, kama masaa mawili na nusu kwa gari, mji wenyewe umekaa kando ya ziwa Superior na baridi yake hata mwezi wa tano haijaisha, nilivaa jaketi mbili na bado nikatetemeka kama kuku amenyeshewa.

Sasa unakumbuka vile mzee wako alikuwa anatuambia jioni pale Makongeni, akishavua ile ovaroli imejaa mafuta, ati duniani hakuna injini ya moshi inashinda 59, ile kubwa ya reli yetu aliyofanyia kazi? Na mimi nikibisha nakula kofi ya kisogo? Hiyo deni nimeibeba miaka 40 na kitu. Basi nimepata jibu.

Ni injini ya moshi inaitwa 227. Iko kwenye stesheni ya zamani ya Duluth, jengo la 1892, siku hizi ni makumbusho ya reli, unashuka chini kwenye njia za treni unaikuta imesimama nyeusi tii. Nikaenda nikajipima na gurudumu, inchi 63, likanifika kidevuni, na hayo makubwa ya kuvutia yako 16. Kutoka pua mpaka mwisho wa tenda, lile behewa la nyuma la makaa na maji, ni karibu futi 128, na ikijazwa makaa na maji inapita tani 500. Ile 59 ya mzee ni tani 252. Mara mbili ndugu yangu! Nguvu ya kuvuta wanasema ni paundi 140,000, ya mzee ni 83,000 na kitu. Makaa ilikuwa inakula tani 10 mpaka 12 kwa saa moja, hapo hakuna binadamu wa kushika koleo, kuna skrubu kubwa inasukuma makaa kutoka kwa tenda mpaka kwa moto. Faiamani anafungua tu valvu na kuangalia moto unakaa aje. Mzee akisikia hivyo atasema hiyo sio kazi.

Alafu wakabonyeza kitu, magurudumu yakaanza kuzunguka. Yale mafimbo ya chuma yakaanza kupanda na kushuka, sauti ya chuf chuf ikaja, watoto wakapiga kelele, na mimi pia nikapiga, sitaki kukudanganya. Nikainama kuangalia. Kumbe inazungushwa na mota, sauti ni ya kurekodiwa. Yaani gari la moshi linaenda kwa stima ya waya na haliendi popote. Nilisikia vibaya kidogo, kama kumuona babu amevalishwa suti mtu mwingine anamchezesha mikono.

Lakini wacha nikueleze kwa nini walihitaji dude kama hilo, maana hiyo ndio stori yenyewe. Nyuma ya Duluth kuna milima ya mawe ya chuma. Reli ya kwanza ya kuyabeba ilianza kazi 1884, kutoka mgodi wa Soudan mpaka bandari ya Two Harbors, na injini yao ya kwanza ililetwa 1883 kwa maji, imewekwa juu ya tishari linalovutwa na taguboti, ziwa likachafuka njiani karibu liizamishe. Si hata zetu zilishukia Mombasa kutoka melini? Hiyo injini iko mpaka leo, wanaiita 3 Spot, kidogo tu, imewekwa hapo hapo Two Harbors kando ya stesheni.

Reli ya pili ilijengwa na wenyeji, kina Leonidas Merritt na ndugu zake, ndio waliogundua mawe ya chuma ya milima ya Mesabi mwaka 1890, na 1892 treni ya kwanza ikatoka mgodi wa Mountain Iron. Pesa ikawaishia, wakaingia kwa Rockefeller, yule tajiri wa mafuta, 1893 uchumi wa Marekani ukaanguka, na ukope pesa za tajiri wakati kama huo unajua mwisho wake, wakatoka mikono mitupu, migodi na reli vyote vikawa vya Rockefeller. 1901 ikaingia kampuni ya chuma ya US Steel, na mwishoni mwa miaka ya 30 zile reli mbili zikaunganishwa zikawa moja, Duluth, Missabe and Iron Range. Wenyewe wanasema Missabe tu.

Kitu kilinishangaza kuliko hata injini ni gati ya kupakia mawe melini. Ni kama daraja limeingia ziwani, juu zaidi ya futi 80, treni inapanda pale juu na mawe yake, behewa linafunguliwa chini, mawe yanaanguka kwa mashimo, meli ikija inalala kando, zinashushwa njia za mabati na mawe yanateremka yenyewe. Hakuna koleo hata moja. Na mabehewa yalitengenezwa urefu wa futi 24 makusudi, kwa sababu mashimo ya gati yako kila futi 12, kwa hivyo behewa moja linakaa sawasawa juu ya mawili. Mtu alikaa chini akafikiria!

Na kabla hujafika Duluth kuna mteremko pale Proctor, treni imejaa chuma inashuka kuelekea ziwani, hapo kazi sio kuvuta, kazi ni kushika breki na kuomba Mungu. Nilisimama pale Proctor kuangalia 225, ndugu yake 227, iko nje kando ya barabara, nikapiga picha nikarudi kwa gari haraka sababu ya upepo.

Hizi kubwa zilitengenezwa 18 na kampuni ya Baldwin, 8 mwaka 1941 na 10 mwaka 1943, wakati wa vita, chuma kilikuwa kinatakiwa usiku na mchana kwa vifaru na meli. Lakini baridi ikiingia ziwa linaganda, meli haziendi, mawe hayatoki, injini zimekaa tu. Unajua walifanya nini? Walizikopesha! Zilienda mpaka Colorado kuvuta treni za Denver & Rio Grande Western kwenye milima, yaani kama vile fundi wa nyumba akikosa kazi anaenda kulima kwa jirani. Mwaka 1960 dizeli ilikuwa imeshachukua kila kitu. Kati ya 18, 15 zilikatwa vyuma chakavu, na waliovuta mawe yale miaka yote nadhani walijua zinarudi kiwandani kuyeyushwa upya. Zimebaki 225, 227 na hiyo nyingine, 229, iko Two Harbors karibu na 3 Spot. Miji mitatu, kila mmoja na jitu lake, na hakuna linalowaka.

Inayowaka ni nyingine ndogo namba 28. Ya 1906, iliwahi kuvuta mawe ya hii reli ikiitwa 332, 1955 wakaiuza kwa reli ndogo ya huko huko, na mwaka 2017 mafundi wa makumbusho wakaifufua, siku zingine inavuta abiria kando ya ziwa. Siku niliyoenda haikuwa imewashwa lakini niliikaribia nikanusa, Baba Neema, ile harufu. Makaa, grisi, maji ya kutu. Nikakumbuka mzee akiingia mlangoni ingawa yeye alikuwa anachoma mafuta mazito sio makaa. Nilikaa na hiyo ndogo muda mrefu kuliko ile kubwa.

Sasa nina ombi. Mchukue mzee siku moja asubuhi, jua likiwa bado dogo, umpeleke makumbusho ya reli pale Nairobi, 5918 iko pale, ile Mount Gelai, mwache aishike. Mwambie akueleze tena kwa viganja vile 59 inavyopinda kwenye kona, boila katikati na injini, yaani seti ya magurudumu ya kuvuta, mbele na nyuma, sababu hii ya huku boila moja ndefu imekalia injini zote mbili na ya mbele peke yake ndio inayumba. Akianza kusikitika kuhusu zile tani mwambie reli ya huku ni pana, sentimita 143 na nusu, yetu ile ilikuwa mita moja tu, na kwa reli ya mita moja hakuna injini ya moshi iliishinda 59 dunia nzima. Hapo hakutudanganya.

Akiuliza kuhusu ile kofi mwambie nimesamehe nusu. Hiyo nusu ingine nitaidai mwenyewe nikija Disemba.

Salimia Mama Neema na watoto.

Ni mimi,
Baba Tish