Mwanangu, hizo nyuzi umezifunga wapi

Assalaam aleikum mwanangu. Ile video ya kinubi chako cha godauni uliotuma jana nimeitizama mara sita mamako akiwa kalala. Siandiki kukuzuia safari, tiketi ishakatwa na Alhamisi utaondoka inshallah, ingawa haikuwa vizuri kutuambia baada ya kukata. Lakini ule ukuta mbona?

Naona umevuta nyuzi za shaba kutoka kwa boriti ya godauni mpaka ukuta wa pili, watu wanaingia pekupeku wanatembea kati ya nyuzi, wengine wamejilaza mkekani, na wewe unapita katikati na glavu zako za pamba na ule unga wa utomvu, unasugua uzi kwa urefu wake. Sauti nimeiskia. Wallahi nywele zilinisimama, ni kama honi ya meli inaingia Kilindini alfajiri kabla hujaiona meli yenyewe. Alafu tizama sekunde ya arobaini, pale juu kwa ndoano ya tatu, kipande cha plasta kinaanguka. Wewe hukuona ulikuwa umefumba macho.

Mimi nimeshika kamba za meli miaka 22. Kamba ikikatika haianguki chini, inarudi ilikotoka kwa kasi na inapiga chochote kiko njiani. Kidole changu unakijua, sirudii. Na huo wako ni waya, na yule mtoto wa shati la njano amelala chini yake.

Tena wewe mwenyewe uliniambia uzi wa kudonoa kwa kidole ukiukaza sauti inapanda, lakini huu wa kusugua sauti yake inafuata urefu na ile shaba yenyewe, kukaza hakubadilishi kitu sana. Mimi nilishika hayo maneno nikayaweka. Sasa kama ni urefu, unakaza mpaka ukuta unabanduka kwa nini? Kaza unyoke tu usining'inie, basi. Hata kinubi kikubwa cha wazungu, kile cha nyuzi 47 na pedali 7, ulisema zote zikivuta pamoja ni karibu tani nzima, mpaka ule ubao wake unavimba polepole miaka ikienda, na hicho kimetengenezwa na mafundi ambao hio ndio kazi yao, pedali zake za kukanyagwa hatua mbili ni za tangu yule fundi Mfaransa Érard mwaka wa 1810. Godauni lilijengwa libebe mabati. Na usiniambie habari za yule Mmarekani William Close alovusha nyuzi juu ya bonde 1999, bonde ni jabali mwanangu, wewe una plasta na chokaa.

Ile ya kufungua milango kusi ipige nyuzi yenyewe, hio ndio nimeipenda zaidi. Pale hujakaza sana na sauti inatoka tu taratibu. Nimewaonyesha wazee barazani, mmoja akauliza hiki ndio kinubi cha Nabii Daudi, nikamwambia hiki ni cha mwanangu, na huyo masikio yake ni ya taishokoto, ile ala ya taarab, tangu ujana lakini aliomba nirudishe mwanzo. Nilifurahi sana.

Huko Uingereza ukifika usifunge kitu kabla hujauliza ukuta una nini ndani na nani ameukagua. Uliza kwa mdomo, usione haya. Kila ndoano iwe na kamba ya pili ya kuishika. Watu wasilale chini ya nyuzi, wakae kando, sauti itawafikia. Unakula lakini? Kwenye video umekonda.

Na ile adungu yako, kile kinubi kidogo kilotoka Uganda, haikuliwa na mchwa. Nilimpa mtu aondoke nayo, mwaka ule wa mtihani. Nimemtafuta mwezi huu wote, nimeambiwa amehamia Lamu.

Tangi la juu limeanza kuvuja tena, fundi anataka elfu nne, nimemwambia angoje mwisho wa mwezi. Mamako presha imeshuka alhamdulillahi, dawa anameza, ila chumvi bado anaficha nyuma ya unga anadhani sijui. Ndugu yako amechukua feni ya chumbani kwako, ukirudi mtaelewana.

Begi la bluu nitalipeleka stegi kesho asubuhi, litafika Kilifi na gari ya saa tatu, lipokee mwenyewe usitume mtu. Ndani nimeweka shekeli nne za meli, zile pingu za kuungia kamba, hizo ni chuma cha kweli, uweke pale kwenye ndoano ya tatu na zile za karibu yake. Ukimaliza kufunga nipigie picha ya kila fundo kabla watu hawajaingia, hata kama ni usiku, mimi niko macho. Na mamako ameweka achari ya maembe, ifunge nailoni mbili isije ikamwagikia glavu.

Babako