Barua ya wazi kwa mjomba: kwa nini kovu la mapafu haliishii lilipoanzia

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Swali lako la juzi lilikuwa zito kuliko ulivyolidhania: ikiwa ugonjwa wako ni kovu tu, mbona hautulii mahali ulipoanzia kama kovu la mguuni, bali kila picha mpya huonyesha umesonga mbele? Ninakujibu hadharani kwa sababu wagonjwa wengi wa makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo hujiuliza hivyo hivyo.

Katika tishu unganishi zimo seli ziitwazo fibroblasti, ambazo kazi yake ni kukarabati. Mahali pakijeruhiwa huamka, hutengeneza kolajeni (protini ya nyuzi inayoipa tishu uimara), huziba pengo, kisha nyingi hufa au hurudi kupumzika. Kwako wewe, seli zinazofunika vifuko vya hewa hujeruhiwa mara kwa mara na kushindwa kujijenga upya, nazo hutoa ishara za kemikali, kuu ikiwa protini ya TGF-beta, ambayo huzigeuza fibroblasti kuwa miofibroblasti: seli zenye nyuzi za kujikaza zinazofanana na za misuli, zinazomwaga kolajeni bila kukoma.

Wingi wa kolajeni, hata hivyo, hauelezi kwa nini ugonjwa husambaa. Fibroblasti zilizotolewa kwa wagonjwa kama wewe, zikiwekwa maabara juu ya tabaka la protini linalofanana na utando unaozishikilia seli za mapafu, hulipenya kwa nguvu kuliko zile za mapafu yenye afya. Uvamizi wa namna hiyo tumezoea kuuhusisha na saratani, ingawa ugonjwa wako si saratani, na tafadhali mtu asikutishe kwa neno hilo.

Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walichapisha kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyolifafanua jambo hili vizuri zaidi. Panya ambao miofibroblasti zao zilifanywa ziwe na kimeng'enya cha HAS2 kupita kiasi, na hivyo kutengeneza haialuronani nyingi (molekuli ndefu ya sukari iliyomo kati ya seli), walipata makovu makali na kufa baada ya mapafu yao kujeruhiwa kwa bleomisini, dawa ya saratani inayotumika maabara kuleta makovu ya mapafu. Kimeng'enya hicho kilipoondolewa, seli zilipoteza ukali wa kuvamia na makovu yakapungua. Na kingamwili iliyozuia CD44, kipokezi (protini ya juu ya seli inayopokea ishara) ambacho haialuronani hujishikiza kwacho, ilipunguza makovu pia. Panya si binadamu, lakini funzo ni kwamba ukali wa ugonjwa hutegemea pia uwezo wa seli hizi kusonga na kupenya, wala si wingi wa kolajeni peke yake.

Kuna jambo jingine linalochochea hali hiyo. Kolajeni ikirundikana tishu hukakamaa, na ukakamavu wenyewe huziamsha fibroblasti zilizo jirani, hivyo kovu huendelea kuzaa kovu hata kama jeraha la kwanza limekwisha sahaulika.

Hapo utaelewa kwa nini steroidi, dawa za kutuliza uvimbe ulizotarajia kupewa, hazikuandikwa: hazizizuii seli hizi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 lilionyesha kwamba wagonjwa waliopewa prednisoni (aina ya steroidi) pamoja na azathioprini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, na asetilisisteini, dawa ya kulinda seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni, walikufa na kulazwa hospitali zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Pirfenidoni na nintedanibu, dawa za kuzuia makovu zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hupunguza kasi ya mapafu kudhoofika, lakini hakuna hata moja inayoyeyusha kovu lililokwisha kuwapo.

Kwa hiyo, mjomba, daktari anapokupima hewa unayoitoa kwa pumzi moja kila baada ya miezi kadhaa, usivunjike moyo kipimo kisipopanda. Dawa unayotumia, mojawapo ya hizo mbili, hutolewa ili kipimo kishuke polepole kuliko ambavyo kingeshuka bila dawa. Na madhara yake, kama kuharisha au kichefuchefu, mweleze daktari mapema apunguze dozi, badala ya kuiacha kimyakimya.

Mpwa wako