Medali ya Nyambui ina chuo nyuma yake

Ndugu Mhariri,

Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha na zote za Moscow 1980: ya Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Kila Olimpiki inapokaribia magazeti yetu huzikumbusha, na hiyo ni haki yao. Lakini habari ya Nyambui huishia nusu. Wakati ule alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, UTEP, na mataji aliyoyatwaa huko, kwetu hayatajwi kabisa. Naomba nafasi nieleze timu ile ilivyokuwa ikishinda, maana wazazi na walimu wengi wanawatafutia vijana ufadhili wa Marekani bila kujua hesabu inayotumiwa na makocha wa kule.

Chuo chenyewe kilianza mwaka 1914 kama shule ya madini, ndiyo maana hadi leo timu zake zinaitwa Miners, yaani wachimba madini. Kipo jangwani, mpakani na Mexico, kwenye mwinuko wa mita 1,140 hivi. Hakikuwa chuo tajiri. Kilijulikana Marekani nzima Machi 19, 1966, kikiitwa Texas Western, pale timu yake ya mpira wa kikapu chini ya kocha Don Haskins ilipoifunga Kentucky 72 kwa 65 katika fainali ya vyuo vikuu. Wachezaji wote watano walioanza upande wa Texas Western walikuwa weusi, na upande wa Kentucky hakuwepo hata mmoja. Hilo ndilo taji pekee la kikapu la chuo hicho. Mataji mengine 20 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, yote ni ya riadha ya wanaume: saba ya mbio za nyika, saba ya riadha ya ndani na sita ya riadha ya uwanjani. Karibu yote yalipatikana kati ya 1974 na 1982, kocha akiwa Ted Banks kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho.

Siri ilikuwa kwenye kuhesabu alama. Katika mbio za nyika timu huingiza wakimbiaji saba, lakini wanaohesabiwa ni watano wa kwanza. Nafasi zao zinajumlishwa na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wa sita na wa saba hawahesabiwi, ila wakimpita mtu wa tano wa wapinzani wanamsukuma nyuma na kumwongezea alama. Timu ikishika nafasi tano za mwanzo inapata 15, na chini ya hapo haiwezekani. Mwaka 1981 UTEP ilipata 17. Hesabu ya namna hiyo haiji kwa kuwa na nyota mmoja. Kikosi cha miaka ile kilikuwa na Watanzania zaidi ya mmoja: Nyambui, Gidamis Shahanga aliyekuwa ameshashinda marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton 1978, na Zakaria Barie. Nyambui alitwaa mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mwaka uliofuata Barie akalibakiza taji hilo kwenye chuo kilekile.

Uwanjani hesabu ni nyingine. Siku hizi nafasi nane za kwanza hupata alama 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2 na 1. Mkimbiaji anayeweza mita 10,000 na baada ya siku mbili akarudi kwenye mita 5,000 anaweza kuleta alama 20 peke yake, wakati mpokezano wa watu wanne ukishinda unaleta 10 tu. Ndiyo maana makocha wa vyuo vyenye fedha kidogo huwatafuta wakimbiaji wa masafa marefu. Kwa miaka mingi udhamini wa wanaume katika riadha na mbio za nyika ulikuwa na kikomo cha nafasi 12.6 kwa chuo, na kocha aliruhusiwa kuzigawa vipande. Wasichana walikuwa na 18, kwa sababu mpira wa miguu wa Kimarekani ulimeza nafasi 85 za wanaume na sheria ya mwaka 1972 inataka uwiano wa jinsia. Tangu Julai 2025, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya kimahakama vina kikomo cha idadi ya wanamichezo badala ya idadi ya udhamini, lakini kuwepo kwa nafasi si kuwepo kwa fedha. Barua ikisema "udhamini", mzazi aulize ni asilimia ngapi, kama unagharimia chakula, malazi na bima, na kama ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote ya masomo. Wasichana wetu, nasisitiza, wanasahauliwa bure.

Swali hilo la mwaka mmoja au mingi lina historia palepale El Paso. Mwaka 1968 wanariadha weusi wa UTEP walikataa kushindana na Chuo Kikuu cha Brigham Young kwa sababu ya msimamo wa wakati ule kuhusu watu weusi wa kanisa la Mormoni, linalokimiliki chuo hicho. Waliondolewa kwenye timu na kupoteza udhamini wao. Mmoja wao alikuwa Bob Beamon, ambaye miezi michache baadaye, Oktoba, aliruka mita 8.90 katika kuruka mbali kwenye Olimpiki ya Mexico City na kuvunja rekodi ya dunia.

Sasa nije kwenye kosa linalowaponza vijana wengi. Nyambui alizaliwa 1953, kwa hiyo taji lake la kwanza la mita 10,000 alilipata akiwa na miaka 26. Njia hiyo leo imefungwa kwa kiasi kikubwa. Kwa kanuni zilizotumika miaka mingi katika daraja la kwanza la NCAA, kijana ana misimu minne ya kushindana ndani ya miaka mitano, na saa inaanza siku anapojiandikisha kwa masomo ya muda wote katika chuo chochote duniani, cha Tanzania kikiwemo. Tena, akimaliza sekondari akapitisha zaidi ya mwaka mmoja huku akishiriki mashindano rasmi, kila mwaka wa ziada unamla msimu. Anayekimbia mbio za barabarani miaka mitatu "akijinoa" anaweza kufika mlangoni akakuta amebakiwa na msimu mmoja au miwili, na kocha hawezi kumsaidia. Kanuni hizi zinabadilishwabadilishwa, hivyo zisomwe upya kabla ya kutuma chochote. Mbio alizokimbia na zawadi aliyopata viandikwe tarehe na kiasi, kwa kuwa ataulizwa.

Jambo la pili ni muda wenyewe. Muda wa saa ya mkono kwenye uwanja wa nyasi haumwambii kocha kitu. Tafuteni mashindano yenye saa ya umeme, na mtaje uwanja, tarehe na mwinuko. NCAA hurekebisha muda wa mbio ndefu uliokimbiwa katika viwanja vilivyo juu ya mita 914, na Arusha, Babati na Mbulu zote ziko juu ya hapo. Dakika 14 na sekunde 30 za mita 5,000 za Arusha si sawa na zile za Dar es Salaam, na kocha wa El Paso, ambaye uwanja wake nao uko juu ya kiwango hicho, anaelewa haraka.

Mwisho ni karatasi: matokeo ya mtihani, usajili katika kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa, kisha chuo kitoe fomu ya I-20, inayohitajika kuombea viza ya mwanafunzi. Ada ya dola 350 ya mfumo wa wanafunzi wa kigeni hulipwa baada ya I-20 kutoka na kabla ya usaili wa ubalozini. Atakayewaomba fedha hiyo kabla hamjaiona fomu yenye jina la kijana wenu, msimpe.

Mwalimu wa riadha,
Babati, Manyara