Barua kwa Mama Baraka, Goma

Bukoba, Jumapili jioni

Mama Baraka, dada yangu,

Bwana asifiwe. Habari za hapo, habari za watoto, na mguu wa mzee unaendeleaje? Sisi hatujambo. Mvua imenyesha wiki nzima, umeme umekatika tangu asubuhi, nakuandikia kwa mwanga wa simu niliyoiegemeza kwenye birika la chai. Koku amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo tatu na ushee. Nimetanguliza mazuri kwa sababu yanayofuata ni mazito kidogo.

Nimekuja kukuomba radhi. Ule ujumbe wa sauti niliokutumia, wa "usiogope, Mungu yuko kwenye kiti chake cha enzi", na Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani", kwa mkia, nimeusikiliza tena. Nasikika wazi kwamba niko jikoni namenya ndizi, na nyuma yangu redio inapiga kwaya. Wewe ulikuwa umetoka kunieleza kwamba benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, na mnalala sakafuni mbali na dirisha. Ukanijibu maneno manne tu: "Na huku pia anatawala?" Nikakaa kimya siku tatu, kisha nikakutumia picha ya maua. Maua, Mama Baraka! Naona aibu hata kuliandika.

Kwa hiyo safari hii nimechukua karatasi. Ataibeba kijana wa jirani, dereva wa lori linalokwenda Kigali, naye atahakikisha inamfikia wifi yako Gisenyi. Kuivusha mpaka kwenu Goma anajua wifi mwenyewe. Majina ya walioushika mji wenu siyaandiki. Wewe unawajua, na barua hii inapita mipaka miwili.

Swali lako nalijibu: ndiyo, huko pia anatawala. Bado naamini. Ila nililisema kwa mdomo wa Hanania.

Unamkumbuka Hanania, yule nabii wa uongo, Yeremia sura ya 28? Nebukadneza, mfalme wa Babeli, ameshambeba mfalme Yekonia wa Yuda, mafundi, wahunzi na vyombo vya hekalu, vyote Babeli. Yeremia anatembea Yerusalemu na nira ya mti shingoni, ishara kwamba watu watamtumikia Nebukadneza. Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza: miaka miwili, kila kitu kinarudi. Anaivua nira shingoni mwa mwenzake, anaivunja palepale. Mimi ningekuwepo ningepiga vigelegele. Yeremia naye anasema Amina, Bwana na afanye hivyo. Alitaka iwe kweli, maana wale waliochukuliwa ni ndugu zake pia. Halafu, Biblia inasema, akaenda zake. Hapo huwa natua. Nabii mzima, kavuliwa nira hadharani, hana la kujibu siku ile, anaondoka. Baadaye ndipo alipopewa neno, nalo halikuwa tamu: ya mti mmeivunja, inakuja ya chuma. Hanania hakuumaliza mwaka.

Kisha, sura ya 29, inakuja barua yenyewe ya Yeremia kwa waliohamishwa Babeli. Unajua nani aliibeba? Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, watu ambao mfalme Sedekia aliwatuma kwa Nebukadneza mwenyewe. Yaani neno la Mungu lilisafiri na wajumbe wa serikali, ndani ya mzigo mmoja na salamu za mfalme kwa bwana wake. Huwa nacheka. Na ilisema nini? Jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, ozesheni, utakieni amani mji ule. Aya ya 10 ikataja miaka sabini. Mimi nilikurushia aya ya 11, ile iliyoandikwa nyuma ya kila daladala, nikairuka ya 10. Mtu aliyeisoma barua ile akiwa na miaka arobaini alijua kwamba kaburi lake liko Babeli.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sidhani nimewahi kukusimulia vizuri. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka minane, na kijiji chetu hakikuwa mbali na Kyaka. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, yakashika nchi yote mpaka Mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Sisi watoto tulisikia mizinga tukadhani ni radi, mpaka tulipoona watu wazima wanafunga mizigo mchana kweupe. Tukakimbilia kusini, kwa jamaa za baba huko Muleba. Watu walibeba walichoweza: redio, godoro, mbuzi. Bibi mzaa baba alibeba jembe lisilo na mpini na kibuyu cha mbegu za maharagwe.

Asubuhi ya pili akamwomba mwenye kibanja kipande cha ardhi kati ya migomba, akachonga mpini, akaanza kulima. Baba akaona haya. "Mama, tutakaa hapa siku chache tu." Bibi hakuinua hata kichwa. "Basi atakayebaki atakula."

Jioni tukisali alikuwa anamwombea Amin kwa jina. Shangazi alikasirika akatoka nje, na mimi sikumlaumu, sasa wala wakati ule. Bibi alikuwa anasema, "Mungu, mtulize yule mtoto wa mtu." Hakuongeza neno. Hakutuambia lini wala kwa njia gani. Majani ya maharagwe tukayala kama mboga, kisha tukala maharagwe mabichi, na yalipokauka ndipo tukarudi kwetu.

Upande mwingine unaujua. Mwalimu alikwisha zungumza redioni, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, kila mtoto wa rika langu anayajua maneno hayo kwa moyo. Malori ya wanajeshi yakapita siku na usiku. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na yule aliyejiita rais wa maisha na mshindi wa Dola ya Uingereza akakimbia. Tulicheza barabarani. Ingekuwa hadithi ya kanisani, ingeishia hapo. Lakini wewe unajua nchi haziendi hivyo. Huko Uganda rais mpya, Lule, alikaa siku 68, akaja Binaisa, ikaja 1980 na uchaguzi wake, ikafuata vita ya Luwero. Kwetu tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Miezi 18! Nimefika darasa la saba bado tunafua kwa majani ya mpapai, na foleni ya sukari inazunguka duka.

Na kuna jambo linalonikaba zaidi ya hayo, sitalificha kwako. Mwaka 1977, Februari, maaskofu wa Uganda walimwandikia Amin barua wakamweleza wazi habari za watu wanaouawa na wanaopotea. Askofu Mkuu wao, Janani Luwum, akauawa tarehe 16 mwezi uleule, na mawaziri wawili pamoja naye. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Pale Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kampala, kaburi lilikuwa limeshachimbwa, karibu na la Askofu Hannington, maelfu ya watu wakaja kumzika, mwili haukutolewa. Walisali mbele ya shimo tupu. Yeye akazikwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini kabisa. Na Amin? Alifia Jeddah, Agosti 2003, miaka 24 baada ya kukimbia, bila kusimama mbele ya hakimu hata siku moja.

Ukiniuliza haki iko wapi hapo, nitafanya kama Yeremia, nitakwenda zangu kwanza. Siku nikipewa neno nitakuandikia.

Ninachokiona kwa sasa ni kidogo tu. Nilikuwa nikifikiri kwamba anayeamini Mungu ndiye anayetawala, huyo hukaa akangoja, kwa kuwa yote yako mkononi mwake. Wale maaskofu wananipinga. Anayeamini kwamba juu ya rais hakuna mwingine, huyo ndiye anayenyamaza, kwa maana atamshtaki kwa nani? Wao waliandika kwa sababu walijua yupo wa kupelekewa nakala. Bibi naye asingelima kama angekuwa anaamini kwamba Amin ndiye mwenye mwaka ujao. Hawakujua mwisho. Luwum hakuuona. Walijua tu kwamba mwenye bunduki si mwenye nchi.

Na ndio maana siku hizi nawakimbia wahubiri wanaojua kila kitu. Kuna mmoja hapa mjini, kila rais akichaguliwa nchi fulani kubwa, yeye ameshampata: huyu ndiye Koreshi wa leo. Koreshi wa kweli, yule mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu Wayahudi warudi kwao, ana kipande chake cha udongo London, kwenye Makumbusho ya Uingereza, kilichimbuliwa Babeli mwaka 1879. Unajua kinasema nani alimpa Babeli? Marduk, mungu wa Wababeli! Isaya 45 inamwita masihi wa Bwana, halafu inamwambia "ijapokuwa hukunijua". Basi kama Koreshi mwenyewe hakujua kwamba yeye ni Koreshi, sisi wa Bukoba tumemjulia wapi?

Najua utaniambia Goma ni mawe, bustani gani? Nakumbuka vizuri. Nilipokuja kwenu nilijikwaa kwenye ile lava ya volkano ya 2002 nje ya mlango wako, soli ikabanduka, ukacheka mpaka ukakaa chini, na kijana wa chukudu, ile baiskeli yenu ya mbao, akasimama akacheka pamoja nawe. Lakini nyuma ya nyumba ulikuwa na lengalenga, mchicha wenu, kwenye magunia, umezipanga ukutani kama wanafunzi, na kila gunia ulilijaza udongo ulioununua kwa kapu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Koku kuna mwanamke analima ukutani. Wewe umelitimiza neno la Yeremia muda mrefu kabla mimi sijakuhubiria. Sasa hivi magunia yale yakoje? Hukuyataja.

Sikuambii ukae Goma kwa sababu Yeremia alisema jengeni. Yeye aliwaandikia waliokuwa hawana njia ya kurudi. Ninyi mkiona njia na moyo ukiwaambia tokeni, tokeni, njooni hapa, chumba cha uani kipo na godoro lipo, na Baba Koku amesema tangu zamani kwamba mzee wako ndiye mtu pekee anayemshinda bao. Mkiona mbaki, mbaki. Bibi alikimbia na jembe, alifanya yote mawili.

Pamoja na barua utakuta fundo la leso, ndani kuna mbegu za maharagwe. Si uzao wa yale ya bibi, usije ukalia bure, yale yaliliwa na fukusi zamani. Haya nimenunua sokoni juzi, nimeyachambua mwenyewe. Yale yenye madoadoa mekundu hayapendi maji mengi kwenye gunia. Kuna na kitu kingine kwa wifi yako, muulize.

Nakuombea jioni, baada ya chakula, na nimeanza kuwaombea na wale ambao sikuwaandika majina. Inaniwia vigumu. Siku nyingine nasema maneno ya bibi halafu nanyamaza, siku nyingine nashindwa kabisa naanza kukuombea wewe tena.

Usinijibu kwa Amina. Nijibu kwa kweli, hata mstari mmoja, na kama bado una hasira nami, andika hivyohivyo. Dereva anarudi Ijumaa, atapita tena kwa wifi yako. Msalimie Baraka, mwambie asome hata kama shule zinafungwa na kufunguliwa. Mzee akande mguu kwa maji ya moto na chumvi, si mafuta ya taa, tafadhali, nimeshasema.

Mtoto wa Koku hajapewa jina bado. Wanabishana.

Ni mimi dada yako,
Mama Koku