Kulima jin Uskoti

Shosti wangu,

Za masiku? Mama nifikishie shikamoo yangu. Uliuliza kama kweli nimekuja Uskoti kulima pombe, jibu ni ndiyo, haya cheka umalize.

Iko hivi, tunaotesha mimea ya kutia ladha kwenye jin, ile pombe kali ya Wazungu. Nyuma ya jumba moja la kizamani kuna bustani ya mboga imezungushiwa ukuta mrefu, enzi za Malkia Victoria bustani za hivi ndo zilikuwa zinalisha majumba, vita ya 1914 ikaja ikabeba vijana wa bustanini na wengi hawakurudi, basi nyingi zikaanza kufa hapo. Yetu tumeikuta miiba imepanda hadi juu ya ukuta, na chini kuna gugu lina mizizi myeupe kama tambi, ukiacha kipande tu linaota upya. Msimu wa kwanza tulipanda viazi, maana ukivichimba lazima ugeuze udongo wote.

Sasa huo ukuta usidhani ni wa wezi tu! Matofali yanakunywa jua mchana, usiku yanatoa joto polepole, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini ndo wa kugombaniwa, hapo inakaa miti ya tini na miaprikoti, matawi yamefungwa bapa ukutani. Bustani zingine matajiri walijenga hadi meko ndani ya ukuta, moshi unazunguka humo humo ili maua yasiuawe na barafu. Yaani kuni za kupikia ukuta, hebu fikiria.

Jin yenyewe kisheria lazima junipa, vitunda vya kichaka fulani cha kunukia, ndo itawale ladha, na kilevi kisishuke chini ya asilimia 37.5. Inayofuata kwa umuhimu ni nini? Mbegu za giligilani, hizo hizo za pilau lako! Hizo tunaotesha, na anjelika pia, mmea wa kunukia ambao wanataka mzizi wake, unauchimba kabla haijatoa maua. Junipa ndo kisirani, ina dume na jike halafu tunda linakaa miaka miwili hadi mitatu ndo liive. Na bosi anataka chupa iandikwe kila kitu kimetoka ndani ya ukuta, nikamuuliza na iliki na mdalasini anazotia je, zinaota Uskoti? Kimya. Mi naona aandike ukweli tu, junipa anunue Italia kama wenzie, wanywaji watakunywa.

Halafu shemeji akisafiri mwezi ujao mpe iliki za Amani nusu kilo. Si za bosi, za chai yangu. Na umwambie aache maneno, hiyo jin hata kuionja sijaionja.

Wako,
Mkulima