Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhusu Mafunzo ya Siku Nne Tuliyoyafuta

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana wa chama cha wakandaji, Kisumu,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana mara saba, tukazika wenzetu wawili, tukatembelea wagonjwa Ahero na Maseno, tukanunua meza mbili za kukandia, na wenzetu wa Nakuru walitutembelea Agosti. Ada, michango ya misiba na pesa za kukodisha meza zilifika shilingi 83,600 kwa jumla. Matumizi yote yalikuwa 91,250. Pengo hilo la 7,650 ndilo lililoleta maneno, kwa kuwa ndani ya matumizi mna zile 20,000 za mkufunzi wa mafunzo tuliyoyafuta, ambazo hazikurudi. Uamuzi ule wa kuyafuta niliusimamia mimi, kwa hiyo ni mimi nitakayeueleza.

Kamati ilikuwa imekubali mafunzo ya kunyoosha uti wa mgongo: siku 4, saa 8 kwa siku, na mwishoni kila mtu apewe cheti cha tabibu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma viungo vya mgongo kwa mikono. Nilipousoma mtaala wenyewe, kurasa mbili tu, niliitisha kikao cha dharura na tukayafuta kwa kura 5 dhidi ya 4. Kura ya tano ilikuwa yangu, na leo ningeipiga tena.

Siku 4 ni saa 32. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka mtu anayeanza asome saa zisizopungua 4,200 mbele ya mwalimu, kwa miaka minne ya kuhudhuria kila siku, na kati ya hizo, saa 1,000 awe anahudumia wagonjwa akisimamiwa. Aliyekwisha kusomea kazi nyingine ya afya hupunguziwa hadi 2,200, lakini zile 1,000 za wagonjwa hapunguziwi hata moja. Sisi tungepata chini ya asilimia moja ya kisomo hicho, kisha tutundike ubao barabarani.

Wengine wenu mliniuliza saa hizo zote ni za nini, maana kukanda tunajua. Miaka ya kwanza ni ya anatomia, fiziolojia na elimu ya magonjwa, na maiti hupasuliwa msuli kwa msuli. Kisha huja kupima wagonjwa, kusoma picha za eksirei na kufundisha mikono. Mwanafunzi huanza kwa kuhesabu pingili za uti wa mgongo kwa vidole: ncha ya chini ya bapa la bega hukaribia pingili ya saba ya kifua, na mstari unaounganisha sehemu za juu za mifupa ya nyonga hupita kwenye ya nne ya kiuno. Akikosea hesabu, anasukuma pingili isiyo na shida.

Baadaye huja kusukuma kwenyewe. Mwanafunzi hutumia kile kifupa cha mkono wake, kidogo kama punje ya minji, kilicho mwanzo wa kiganja karibu na kifundo, upande wa kidole cha mwisho. Kwanza kiungo hupelekwa polepole hadi mwisho wa mwendo wake, ulegevu wote uishe, ndipo msukumo mmoja wa haraka, mfupi sana. Anayeanza huruka hatua hiyo ya ulegevu. Msuli wa mgonjwa hukaza kujilinda, naye huongeza nguvu badala ya kasi, na kwa mama mzee mwenye mifupa myepesi ubavu huvunjika. Na ule mlio wa kiungo kualika si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi katika majimaji ya kiungo. Anayeufukuza mlio atasukuma mara tatu pasipohitaji hata mara moja.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kujua nani asiguswe. Huku kwetu kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo. Hula pingili upande wa mbele hadi ibonyee, na msukumo mmoja hapo unaweza kumpooza mtu miguu. Selimundu huua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu, na mgonjwa atakuja akisema ni kiuno. Saratani ya tezi dume hupenda kutambaa hadi kwenye mifupa ya mgongo. Mgonjwa anayetoa jasho usiku na kukonda, maumivu yasiyotulia hata akilala, ganzi kati ya mapaja, mkojo usiozuilika: hao ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Mtaala ule haukuwa na mstari hata mmoja juu ya haya.

Palikuwa na hoja kwamba D. D. Palmer, aliyeianzisha kazi hii Davenport, Iowa, mwaka 1895, alikuwa mganga wa mikono kama sisi. Ni kweli. Lakini eksirei yenyewe iligunduliwa Novemba mwaka huo huo. Yeye hakuwa na njia ya kuona ndani. Sisi tunayo, tena hapa mjini.

Sasa mahudhurio. Tuko 58. Aprili mkutano mkuu uliahirishwa kwa sababu tulifika 14 na akidi ni 20, huku ukumbi wa Kondele umeshalipiwa 3,000. Wengi wanaolalamikia zile 20,000 hawakuwapo siku hiyo wala siku ya kupiga kura. Ada ya 200 kwa mwezi ingetuletea 139,200 kwa mwaka, zimeingia 61,400. Inaniuma kuulizwa hesabu na mtu ambaye hajalipa tangu Januari.

Mbeleni tunatumaini, Mungu akijalia, kuwa na mfuko wa karo kwa kijana mmoja wetu mwenye alama nzuri za sayansi katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, aende kusoma nje. Durban na Johannesburg kuna vyuo vikuu vinavyofundisha kazi hii hadi shahada ya uzamili. Kiasi na mwaka tutazungumza. Pia tunafikiria kumwalika mtu wa fiziotherapia atufundishe dalili za hatari.

Waliotoa 2,000 mfukoni mwao kwa mafunzo yale warudi kwa mweka hazina na risiti kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwenyekiti